Njia za siri katika nyumba za jadi za Japani: je, ni desturi ya kale kweli?

Mdadisi

Waheshimiwa, naomba kuelimishwa. Kila ninaposoma habari za nyumba za jadi za Japani ninakutana na kuta zinazozunguka, ngazi zilizofichwa ndani ya makabati na njia za chini kwa chini, kisha mwandishi huongeza kwamba ufundi huo umetokana na utamaduni wa maelfu ya miaka. Napata shida kuyaunganisha mambo haya mawili. Mtu aliyeishi Japani kabla ya kilimo cha mpunga alikuwa na kitu gani cha kuficha, na katika nyumba ya namna gani? Je, maficho hayo ni ya kale kweli, au ni ya zama za samurai tu, yakapachikwa ukale baadaye?

Mwanahistoria

Ndugu Mdadisi, shaka yako ina msingi. Majengo mashuhuri yenye maficho ambayo watu huyatembelea leo ni ya karne ya 17, yaani baada ya ukoo wa Tokugawa kushika utawala mwaka 1603, wakati vita vikubwa vilipokuwa vikielekea ukingoni lakini hofu ingalipo.

Mfano unaoeleza zaidi ni hekalu la Myoryuji mjini Kanazawa, ambalo Maeda Toshitsune, bwana wa eneo la Kaga, alilijenga upya mwaka 1643. Ukilitazama kwa nje lina ghorofa mbili. Ndani zimo ghorofa nne zilizogawanyika katika matabaka saba, pamoja na vyumba 23 na ngazi 29. Sanduku la sadaka lililoko mlangoni liliweza kugeuka shimo la kumnasia adui, na ipo ngazi ambayo nafasi kati ya kidato na kidato zimezibwa kwa karatasi, ili mlinzi aliyejificha nyuma yake aone vivuli vya miguu ya anayepanda na kuichoma kwa mkuki. Sababu ya hila zote hizo ilikuwa siasa. Ukoo wa Maeda ulikuwa tajiri kuliko makabaila wote waliokuwa chini ya Tokugawa, serikali ikautilia shaka, na sheria za wakati ule zilibana ujenzi wa ngome na wa majengo marefu. Basi ngome ikavikwa joho la hekalu. Watu huliita hekalu la ninja, ingawa ninja hawakuhusika nalo, na habari kwamba kisima chake kina njia inayofika hadi ngome ya Kanazawa imebaki kuwa simulizi.

Huko Kyoto iko Nijo Jinya, nyumba ya ukoo wa Ogawa, wafanyabiashara waliowapa malazi makabaila waliofika mjini. Juu ya chumba kikuu cha wageni kuna ficho la walinzi. Hata hivyo, kwa maoni yangu jengo hilo liliogopa moto kuliko upanga: kuta zake zimekandikwa plasta nzito, lina visima vyake, na chini ya upenyo wa paa mna ndoano za kutundikia mikeka iliyoloweshwa maji. Wageni wengi huulizia mlinzi wa darini na kuzipita ndoano bila kuzitazama.

Fundi wa Mbao

Nakubaliana na Mwanahistoria kuhusu tarehe, ila naomba kuongeza neno kwa jicho la seremala, kwa kuwa ukale upo, lakini umo katika kiunzi cha nyumba. Watu wa zama za Jomon, kama wale wa Sannai-Maruyama katika mkoa wa Aomori, walioishi pale miaka ipatayo 5,900 hadi 4,200 iliyopita, walichimba shimo pana, wakasimamisha nguzo na kuezeka juu yake. Nyumba isiyo na vyumba haiwezi kuwa na chumba cha siri. Ulipokuja mpunga, zama za Yayoi, zikajengwa ghala zilizoinuliwa juu ya nguzo, na kwenye nguzo vikawekwa vibao vya kuwazuia panya. Umbo la ghala hizo bado linaonekana katika hekalu la Ise, ambalo kwa desturi iliyoanza mwaka 690 hujengwa upya kila baada ya miaka 20, ingawa vita viliwahi kuikatiza kwa zaidi ya karne moja. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013.

Hapo ndipo ninapoiona asili. Nguzo na boriti ndizo zinazobeba paa, ukuta haubebi chochote, na sakafu imeachana na ardhi. Katika nyumba ya mawe, anayetaka mlango wa siri hupambana na uzito wa jengo zima. Huku fundi huondoa kibao kimoja tu akapata uvungu wa kutambaa. Hata paa ni mali: nyumba ya ukoo wa Mochizuki huko Koka, iliyojengwa enzi ya Genroku (1688 hadi 1704), kwa nje inaonekana ya chini kabisa, kumbe chini ya ezeko lake mna ghorofa tatu.

Mdadisi

Nashukuruni sana. Na ile sakafu inayolia katika jumba la Nijo, yaani kasri la shogun (mtawala wa kijeshi) huko Kyoto, si ile Nijo Jinya, nayo tuihesabu miongoni mwa hila hizo?

Mwanahistoria

Sakafu hiyo huitwa kwa jina la ndege uguisu, kwa kuwa sauti yake hufananishwa na mlio wake. Hulia pale mbao zinapokanyagwa na vyuma vilivyozishika kwa chini kusuguana na misumari. Wengi husema ilikuwa kengele ya kuwagundua wavamizi, lakini yako maelezo mengine, nami ndiyo ninayoyaamini, kwamba mlio ulitokana na kulegea kwa mbao kwa kukanyagwa miaka mingi.

Kama unatafuta hila humo, tazama milango ya fahari yenye mapambo ya shada iliyo pembeni mwa kiti cha shogun, ambayo inasemekana walinzi walikaa nyuma yake. Huitwa chodaigamae, na chodai ni chumba cha kulala: zamani mlango wa namna hiyo ulikuwa wa kuingilia mahali ambapo bwana wa nyumba alilala.