Naomba ushauri: Amphicar yangu inaingiza maji, sijui yanapitia wapi

Wakuu habari zenu, niko huku Marekani nina Amphicar 770 ya 1964, ile gari ya Kijerumani inayoingia ziwani yenye propela mbili nyuma. Jumapili dakika kumi tu majini pampu ikaanza kutema maji bila kukata, nikatoka haraka maana nilikuwa na mwanangu ndani, roho ilinidunda kwa kweli. Raba za milango nimezipaka chaki nikafunga, alama imetoka sawa kote, na komeo la pili la mlango, lile la kukazia raba maji yasipite, nililibana. Nahisi ni sili (vizuia maji) za shafti za propela, au kutu chini ya sakafu. Nikiinyanyua nikamwaga maji ndani nione yanapodondokea, uzito hautaumiza bodi? Na kwenye kutu nichomelee bati jipya au faibaglasi inatosha? Msaada jamani.