Kikundi cha ukoo: sauti za Babu na video za harusi tuziweke wapi?

Ba'mdogo Rashidi: Assalaam aleikum jamaa. Laptop yangu imeanza kujizima yenyewe, na humo ndimo zilimo picha zote za ukoo, video za harusi ya Salma na sauti za Babu. Jumla ni GB 300 na ushei. Ninunue hadi diski (hard disk) ya nje au nilipie hifadhi ya mtandaoni?

Shangazi Mwanaidi: Waaleikum salaam. Ile sauti Babu anataja nasaba yetu, jogoo anawika nyuma, nayo imo humo tu?

Ba'mdogo Rashidi: Humo tu, dada.

Shangazi Mwanaidi: Basi hiyo kwanza, Rashidi. Mengine yatafuata.

Idrisa: Shikamooni. Shangazi kasema kweli. Ba'mdogo, chukua flashi yoyote iliyo karibu uzinakili sauti leo hii, kabla ya kununua chochote. Sauti ni nyepesi: saa nzima ya MP3 ya kawaida haifiki MB 60. Za Babu zote hazimalizi hata GB 2.

Ba'mdogo Rashidi: Marahaba. Nachomeka flashi sasa hivi.

Salma: Shikamooni wakubwa. Kwa nini asipandishe vyote mtandaoni yaishe? Mimi huku Muscat nabadilisha simu, nikiingia Google Photos nakuta picha zangu zote.

Idrisa: Dada, wewe una Wi-Fi ya kasi. Kwa Mbps 5, GB 300 ni siku tano na nusu za kupandisha, usiku na mchana, umeme usikatike hata kidogo. Kwa bando la simu ndiyo kabisa. Na Google wanatoa bure GB 15 tu, ambazo barua pepe, Drive na picha vinagawana. Zaidi ya hapo unalipia, na malipo hayana mwisho.

Idrisa: Jingine ambalo watu hawalijui: ukifuta picha ndani ya Google Photos, inafutika na kule mtandaoni. Inakaa kwenye pipa la taka siku 60, ikitoka hapo imekwenda.

Shangazi Mwanaidi: Mimi nina neno. Picha za usiku wa hina, wanawake hatujajifunika. Sitaki zipande mtandaoni, hata mseme kuna nywila.

Salma: Na mimi sitaki, Shangazi. Zile zibaki nyumbani.

Idrisa: Basi tumeshajigawia kazi. Kilicho chepesi na hakipatikani tena kiende mtandaoni: sauti za Babu, vyeti, hati ya shamba, picha za zamani tulizoskani. GB 15 za bure zinatosha. Video za harusi na picha za kina mama ziende kwenye diski. Ila ziwe diski mbili, nyumba mbili. Mwizi akiingia anachukua laptop na diski iliyo pembeni yake, na moto ni vivyo hivyo.

Ba'mdogo Rashidi: Mbili ni gharama, mwanangu. Moja nzuri haitoshi?

Idrisa: Haitoshi, Ba'mdogo. Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka. Ikidondoka mezani ikiwa inafanya kazi, inaweza kufa hapo hapo. Ukiisikia inagonga tik tik, usiendelee kuiwasha. Na wewe uko Tanga mjini karibu na bahari, unyevu na chumvi ndiyo hewa yenu. Moja ikae kwako ndani ya kopo lenye kifuniko, nyingine kwa Shangazi Muheza. Ukimaliza kunakili ichomoe. Kirusi kinachofunga mafaili kikiingia kwenye laptop, hufunga na ya diski iliyochomekwa.

Shangazi Mwanaidi: Mimi nitaiweka kabatini na hati zangu. Hakuna wa kuigusa.

Idrisa: Shukrani, Shangazi. Lakini kila baada ya miezi michache ichomekwe, tufungue video mbili tatu tuone kweli zinacheza.

Salma: Na akaunti ya mtandaoni iwe ya nani?

Idrisa: Tufungue mpya ya ukoo. Google wanaweza kufuta akaunti isiyotumika miaka miwili, kwa hiyo wewe na mimi tuwe tunaiingia. Zile namba za dharura za kuingilia simu isipopatikana (backup codes) tuzichapishe, Shangazi akae nazo. Tukitegemea ujumbe wa simu peke yake, laini ikifungwa tumefungiwa nje.

Ba'mdogo Rashidi: Sauti zimeshaingia kwenye flashi, alhamdulillah. Picha nyingine si ziko humu kundini? Kwa nini nizinakili tena?

Idrisa: Zilizopita humu zimebanwa, ubora umepungua. Nakili zile za kwenye laptop.

Salma: Diski ya pili nitailipia mimi. Idrisa ainunue Dar, aje nayo Idd.

Ba'mdogo Rashidi: Allah akubariki. Nimeona moja mtandaoni ya TB 16, yaani GB 16,000, bei ya kutupa.

Idrisa: Hiyo iache, Ba'mdogo! Za namna hiyo hudanganya ukubwa: zinapokea mafaili, baadaye hayafunguki. TB 1 ya duka lenye risiti inatutosha. Kabla ya kuweka chochote, ipime kwa programu ya H2testw, ni ya bure. Itachukua saa nyingi, iache usiku.

Ba'mdogo Rashidi: Sawa. Kesho asubuhi naenda dukani.

Idrisa: Risiti usiitupe mpaka kipimo kiishe.