Prufu ya katalogi ya leso: printa ya tangi, inkjeti yenye RIP, au mashine yenyewe?

leso_biashara_street
Salaam jamani. Nina katalogi ya leso itakayochapwa ofseti kwa karatasi ya glosi. Mteja ataka prufu, yaani nakala ya kukagulia rangi, kabla ya pleti (mabamba ya kuchapia ya ofseti) kutoka, hasa aone wekundu wa kisutu. Kuna printa ya tangi ya wino nne hapa ofisini, jirani ana inkjeti ya wino wa pigmenti yenye RIP (programu ya kuiongoza printa na rangi zake), au niombe prufu ya mashine yenyewe ya ofseti. Ipi?

fundi_pleti
Ya mashine haina mpinzani, lakini walipia pleti nne na karatasi za kusawazishia. Mteja akisema "punguza wekundu kidogo", mwaanza upya. Kwa nakala chache hesabu haiingii.

mama_karatasi
Ya tangi ni ya kukagulia herufi na mpangilio wa kurasa, basi. Draiva yake hupokea RGB na kujiamulia ipendeze vipi.

chapa_makupa
Nenda kwa jirani. Watu hudhani inkjeti haifikii ofseti, kumbe nyingi za pigmenti zaipita, hasa zenye wino wa chungwa na kijani. Kazi ya RIP ni kuibana ifanane na ofseti. Muulize mwenye matbaa anafuata kiwango gani cha rangi za ofseti: FOGRA39, FOGRA51? Tumia profaili yake (faili inayoeleza rangi za kiwango hicho), kwa uigaji wa absoluti, ili hata weupe wa karatasi yake uigwe. Pale peupe patatoka na kivuli chembamba, usishtuke. Ukingoni weka ukanda wa Fogra wa vipande 72, upimwe kwa spektrofotomita, kile kifaa cha kupimia rangi. Usipopima, una picha nzuri tu.

leso_biashara_street
Shukran kaka. Na akisema hajui kiwango? Maana namjua.

chapa_makupa
😂 Mwombe chati ya rangi aliyoichapa kwa karatasi hiyohiyo, mpime, mtengeneze profaili. Hana? Anza na FOGRA39, umwambie mteja wazi ni makadirio.

mama_karatasi
Iacheni prufu ikauke kabla ya kupima, na unyevu wetu huu mwaujua. Tena msiitazame kwa taa za duka. Kiwango cha mwanga wa kutazamia ni D50, kelvini 5000. Wekundu uliolingana dukani waweza kuachana ukitoka barazani.

fundi_pleti
Nyongeza: leso za chungwa kali na kijani cha kung'aa, wino nne za ofseti hazizifikii. Prufu ikiwa sahihi zitaonekana zimefifia, na mteja atailaumu prufu. Mwonyeshe kurasa hizo kwanza, aamue kama atalipia rangi ya tano.