Mafundi AC wa Mwanza, gesi haiishi kama mkaa! Mmenimaliza

Wakuu, kwema?

Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa mafundi simu. Hasira zangu ni za aina nyingine kabisa.

Nina kilodge huku Nyegezi, vyumba nane, vitano vina AC. Mgeni anayeshuka stendi usiku, kachoka, jasho limemkaukia mgongoni, anauliza mambo mawili tu: maji yanatoka? AC inafanya kazi? Mhudumu akisema "inasumbua kidogo", mgeni anabeba begi anavuka barabara. Ng'ambo kuna lodge mbili zinamsubiri.

Sasa chumba namba 4. Mwezi wa kwanza AC ikaanza kupuliza upepo wa kawaida. Nikaita fundi, akafunga geji ya kupima presha ya gesi, akaangalia kama dakika mbili. "Mama, gesi imeisha." Laki moja. Akajaza, baridi ikarudi, nikamwongezea na hela ya soda. Mwezi wa tatu, ugonjwa uleule. Fundi hapokei simu (siku ya kulipwa alikuwa anapokea kabla haijaita). Nikaletewa mwingine na dogo wa bodaboda. Gesi imeisha. Elfu tisini.

Mwezi wa tano nikasema basi, naenda kwa wenye ofisi, wenye ovaroli na gari lenye ngazi juu. Wakaahidi saa tatu asubuhi, wakafika saa kumi jioni, na hata neno samahani hakuna. Kijana mmoja akapanda kitandani na viatu vyake. Shuka jeupe! Akafunga geji, na alichosema mnakijua.

Nikamuuliza, "Fundi, gesi inaishaje? Kwani hili ni jiko la mkaa?"

Akacheka. "Mama, hizi mashine zinakula gesi, ndiyo kawaida yake. Haya mambo ya kiufundi ni magumu kidogo."

Laki na thelathini, na risiti juu. Hiyo risiti ishikeni, tutairudia.

Baada ya wiki sita mgeni wa namba 4 alinigongea saa saba usiku, shati begani. Nikamrudishia hela yake yote nikabaki nimekaa mapokezi nahesabu: 320,000 nimelipa, na chumba ni cha moto.

Aliyeniokoa hata sikumwita kwa ajili ya AC. Ni mzee mmoja fundi majokofu, alikuja kuangalia friza ninayohifadhia sato na sangara wa jikoni. Nikamwamkia, nikamlalamikia. Kitu cha kwanza alichofanya aliuliza. Ilianza lini? Ilichukua muda gani mpaka baridi ipotee? Nani aliifunga? Wale watatu hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo. Kisha akaomba sabuni ya kuoshea vyombo na sponji. Akatengeneza povu, akapaka kwenye nati zinazounganisha bomba la shaba na mashine ya nje. Nati ya chini ikaanza kutoa mapovu, madogo madogo, kama chungu kinachotaka kuchemka.

"Mwanangu, njoo uone. Hela yako ilikuwa inatokea hapa."

Wakuu, sabuni! Sabuni ya jikoni kwangu!

Akanielewesha kwa maneno ambayo hata mjukuu wangu angeyashika. AC si jiko la mtungi. Jiko linachoma gesi inaisha. AC inazungusha gesi ileile ndani ya bomba lililofungwa: inabeba joto la chumbani, inalitupa nje, inarudi. Ikipungua, imevuja. Anayeongeza bila kutafuta tundu anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka, na ndoo akikuachia wewe.

Akaniomba risiti. Ya wale wenye ovaroli imeandikwa gesi aina ya R22. Akanionyesha kibandiko ubavuni mwa mashine ya nje: gesi yake ni R410A, na uzito wa gesi hiyo kwa gramu umeandikwa palepale. Wamenichanganyia! R410A inafanya kazi kwa presha kubwa zaidi kuliko R22, na hata oili ya kompresa zake si moja. Isitoshe R22 ndiyo ile inayoondolewa sokoni kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Na R410A yenyewe ni mchanganyiko wa gesi mbili, kwa hiyo mchanganyiko ukishaharibika huongezi juu yake. Unaitoa yote, unaanza upya.

Ndivyo alivyofanya. Akakata ncha ya bomba, akaitanua upya, akakaza. Akafunga vakyumu pampu, akakaa kwenye kigoda anakunywa chai wakati inanyonya hewa na unyevu, maana unyevu ukibaki humo unatengeneza asidi inayokula kompresa. Hao wengine vakyumu hata hawakuja nayo. Akaweka mtungi kwenye mzani, akapima gramu kwa gramu.

Na kabla hajaondoka akamwita mhudumu wangu akamfundisha kutoa chujio la mashine ya ndani na kuliosha. Lilikuwa limefunikwa na vile vidudu vya ziwani vinavyopaa kama moshi. Akasema hata ile taa niliyofunga juu ya mashine ya nje niihamishe, inawaita. Laki na nusu kwa yote. Nikamwambia wabheja sana, mzee, akacheka.

Nusu ya nilichomlipa mzee ilikuwa ya ufundi, na nusu nyingine ilikuwa ya kunijibu kama mtu mwenye akili. Mafundi mliomo humu, siwaombi bei rahisi. Nionyesheni tundu kabla ya kunidai. Kifaa kilichoharibika nikabidhini mkononi, andikeni aina ya gesi na gramu mlizoweka. Ukichelewa piga simu, na vua viatu jamani! Uliyejifunzia mtaani sikudharau, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu kama wewe. Ila yule wa kwangu wa ovaroli alikuwa na kitambulisho kifuani.

EDIT: Mdau hapo chini anasema "wateja mnapenda vya bei chee ndiyo maana". Umesoma uzi au umesoma kichwa cha habari? Aliyenitoza kidogo kuliko wote alikuwa yule kishoka niliyeletewa na dogo wa bodaboda, aliyenitoza kingi kuliko wote katika wale watatu ndiye aliyeniwekea gesi isiyo yake.

EDIT 2: Mnaoniomba namba ya mzee, sijamwomba ruhusa, siweki. Chumba namba 7 nacho kimeanza kutoa maji ukutani na mzee yuko Ukerewe msibani. Fundi mwenye mzani na vakyumu pampu aje PM, atangulize picha ya mzani.