Studio ya nyumbani Sakina, Arusha, kwa Sh 1,300,000: nianze na nini?

Mchanaji_Sakina

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wenye majina na vipimo, siyo ule wa "tafuta maiki nzuri".

Nina Sh 1,300,000 ya kuanzisha studio ndogo ya nyumbani. Kazi zenyewe ni kuingiza voko za michano na kuimba juu ya biti zilizokwisha tengenezwa, mara mojamoja gitaa kavu, na kundi la kwaya la watu wanne. Ngoma za kupigwa hazipo.

Chumba kina mita 3 kwa 3.6, kimo 2.7. Ukuta ni wa bloku na plasta, chini vigae, juu jipsamu halafu bati. Dirisha moja la alumini linatazama barabara ya Namanga, malori yanapita mchana kutwa. Laptopu ipo: Core i5, RAM 8, SSD ya GB 256.

Kuna duka limenipa bei nafuu ya "seti ya studio": maiki ya BM-800, kile kiboksi cha V8, mkono wa kubana mezani na vipande 12 vya sponji ya ukutani. Nichukue? Na trei za mayai vipi, maana ninazo za kutosha.

Geini_Chini

Mkuu, hiyo seti iache palepale dukani.

BM-800 ni kondensa, yaani maiki inayohitaji umeme ili ifanye kazi: inataka volti 48 zinazopandishwa kwenye maiki kupitia waya wa XLR, ule wa pini tatu. Kiboksi cha V8 kina matundu madogo ya 3.5 mm na hakitoi hizo volti 48. Kimetengenezwa kwa watu wanaorusha matangazo mubashara kwa simu. Ukiviunganisha, maiki itaitika kwa sauti hafifu, utakaza geini (kikuza sauti ya maiki) mpaka mwisho, na utarekodi "shhhh" yenye mtu anayechana kwa mbali. Ukisikia studio za mtaani zina ule mchanga nyuma ya voko, mara nyingi chanzo ni hiki.

Ungekuwa mdogo wangu, hela ningekugawia hivi. Intafesi (kiboksi cha kuingiza maiki kwenye laptopu) yenye matundu mawili ya XLR, usizidi 400,000: Behringer UMC202HD inatosha kabisa, Focusrite Scarlett 2i2 ukiipata ndani ya hela hiyo, hata kama imetumika. Usichukue Scarlett Solo. Ni kifaa kizuri, ila kinapokea maiki moja tu. Tundu la pili ni la gitaa la umeme au kinanda, na wewe una gitaa kavu na kwaya. Maiki usizidi 300,000. Hedifoni zinazofunika sikio na zilizozibwa nyuma, mfano Audio-Technica ATH-M20x, tenga 180,000. Stendi ya chini yenye miguu mitatu, waya wa XLR mita 3 na chujio la pumzi za "p" na "b", 100,000. Mkono wa kubana mezani achana nao, kila ukigusa kipanya mtikisiko unapanda kwenye maiki. Kinachobaki, kama 320,000, ni cha chumba. Hiyo usiiguse kwa kitu kingine.

Maiki: kwa barabara hiyo chukua dainamiki, yaani isiyohitaji hizo volti 48, Shure SM58. Angalizo, za bandia zimejaa sokoni. Halisi ina gramu 298, nenda na mizani ya jikoni ukipimie dukani. Ukiambiwa ni mpya kabisa na bei ni robo ya unayoiona kwa wauzaji wakubwa, hiyo siyo yenyewe.

Monita za mezani (spika za kumiksia) subiri. Miksi kwa hedifoni, kisha sikiliza kwenye simu na kwenye gari la mtu. Usimiksi kwa sabufa ya sebuleni: inavimbisha besi, wewe utaipunguza kwenye miksi, na wimbo ukipigwa kwingine utasikika mwembamba.

Mbao_na_Mitumba

Nipo Moshi. Niseme la chumba, maana hapo ndipo hela ya watu inapotelea.

Trei za mayai rudisha kwa mwenye kuku. Ni karatasi nyembamba. Zinapunguza kidogo sauti za juu kabisa, mvumo wa chumba unabaki vilevile, na moto ukitokea zinawaka haraka sana. Sponji ya sentimita 2.5 nayo ni ndugu yao. Kanuni ya kushika: kitu kilichobandikwa ukutani kinafanya kazi vizuri kuanzia pale ambapo unene wake unafikia robo ya urefu wa wimbi. Sentimita 2.5 ni kama Hz (mitetemo kwa sekunde) 3,400. Sentimita 10 ni kama Hz 860, na ukiiacha sentimita 10 mbali na ukuta inashuka mpaka kama Hz 430. Uzito wa sauti ya binadamu uko chini ya hizo Hz 3,400, kwa hiyo chumba chenye sponji nyembamba kinakuwa butu juu huku katikati bado kinavuma kama bafu.

Tengeneza paneli sita. Fremu ni ya mbao ya inchi 1 kwa 4: vipande viwili vya sentimita 120, viwili vya 55. Ubao mmoja wa futi 12 unatoa fremu moja, kinabaki kipande kidogo tu. Ndani jaza mablanketi na mataulo ya mitumba. Kwa sisi wa Moshi ni soko la Memorial au la Kiboriloni, huko Chuga mnajua kwenu. Yafue, yaanike jua kali siku nzima, la sivyo utafuga mende na harufu ya ukungu. Yapange matabaka mpaka yafike unene wa fremu lakini usiyashindilie, hewa lazima ipite katikati ya nyuzi. Nyuma gongelea waya wa kuku, mbele vuta kitambaa. Kitambaa kipime kwa mdomo: puliza, pumzi ikipita upande wa pili kinafaa. Turubai na ngozi bandia zinarudisha sauti. Ukipata sufi ya mwamba (rockwool) kwa bei nzuri, ile ngumu ya kuhami mabomba, hiyo inashinda mablanketi. Vaa barakoa na glavu unapoikata.

Mahali pa kuziweka. Wengi wanaziba ukuta ulio mbele ya mwimbaji. Maiki ya SM58 inasikia zaidi mbele yake, na mbele yake kuna uso wako NA ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Kwa hiyo chagua kona iliyo mbali na dirisha, simamisha paneli mbili hapo ziwe kama V, mwimbaji aipe kona mgongo na alitazame dirisha. Hapo mgongo wa maiki unaelekea barabarani, na huo ndio upande wake wa uziwi. Paneli moja kila ubavu, moja nyuma ya maiki, ya sita juu ya kichwa. Hiyo ya juu usiitundike kwenye jipsamu, itakuangukia. Tafuta mbao za dari na skrubu ndefu. Chini tupa zulia nene.

Kisha piga kofi ukiwa umesimama pale pa kuimbia. Ukisikia "trrring" ya chuma, kuna kuta mbili tupu zinazotazamana. Sogeza paneli.

Na hakuna hata moja kati ya hizo paneli itakayozuia lori. Kunyonya mwangwi na kuzuia kelele ni kazi mbili tofauti. Kelele inazuiwa na uzito na kuziba nyufa: kata MDF ya mm 18 iingie kwenye tundu la dirisha, mpira wa kuzibia pembeni, mishikio miwili ya kuichomolea. Chini ya mlango weka taulo lililoviringwa. Utapika kwa joto humo ndani, kwa hiyo weka wakati wa kurekodi, ukimaliza chomoa. Mvua ya masika juu ya bati hiyo haina dawa kwa bajeti hii. Ikianza, geukia kumiksi.

Mchanaji_Sakina

Asanteni sana wakuu. Swali: kwa hiyo kondensa kabisa hapana? Nilidhani ndiyo yenye sauti "ya studio", na kwaya je?

Sauti_ya_Tatu

Hapa nimpinge kidogo Geini_Chini. Dainamiki haina kichujio cha malori ndani yake. Inaonekana haichukui kelele kwa sababu unaiimbia kwa karibu, basi. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti yako inashuka kama dezibeli 6 na lori linabaki palepale. Mtu anayesimama sentimita 30 kutoka kwenye SM58 atapata kelele kama ya kondensa, na juu yake ataongeza geini nyingi: SM58 inatoa kama dezibeli 17 chini ya kondensa kama Audio-Technica AT2020.

Kwa michano, sentimita 5 mpaka 8 kutoka kwenye wavu, maiki ikae kwenye stendi. Ukishika mkononi usifunike wavu kwa kiganja kama jukwaani. Ukiziba matundu ya nyuma, maiki inaanza kusikia pande zote, mpaka dirisha, na voko inakuwa ya puani. Besi ikizidi kwa ukaribu huo, kata kila kitu chini ya Hz 80 mpaka 100 kwenye programu. Mngurumo wa malori mwingi unaondoka humo humo.

AT2020 au C-1 ya Behringer inafaa kwa gitaa na kwaya, chumba kikishawekwa paneli na usiku barabara ikitulia. Kwa gitaa, sentimita 25 hivi, ikilenga pale shingo inapokutana na boksi, siyo kwenye tundu. Tundu linavuma tu. Kwaya ya wanne kwenye chumba cha mita 3 usiwarekodi pamoja. Waingie wawiliwawili, kila mmoja na maiki yake, sauti ya kwanza na ya pili, kisha ya tatu na ya nne wakisikiliza walizotangulia wenzao. Utahitaji hedifoni ya pili na kigawanyio.

Geini_Chini

Nakubali, la umbali uko sahihi. Nilichokuwa nakwepa ni mtu kununua kondensa halafu kuiweka katikati ya chumba kitupu. Dainamiki kwanza, kondensa hela ikirudi.

Neutro_na_Athi

Hamjagusa umeme. Mvumo wa "mmmm" wa Hz 50 na ndugu yake wa Hz 100 ndio unaoharibu rekodi nyingi za majumbani.

Chomoa chaja ya laptopu, tumia betri. Mvumo ukiondoka, chanzo ni chaja. Kifaa chochote kilichounganishwa na intafesi chomeka kwenye soketi ileile moja, na hakikisha soketi ina athi inayofanya kazi. Fundi umeme atakupimia dakika mbili. Kukata pini ya athi kunanyamazisha mvumo kweli, na siku moja kutakupiga wewe au mwimbaji aliyeshika chuma cha maiki. Usifanye. Waya wa XLR usiulaze sambamba na waya wa umeme. Ukilazimika, uvuke kwa pembe mraba. Zima taa zenye swichi za kupunguza mwanga.

Kama unatumia solar na inveta, ile ya bei rahisi yenye wimbi la ngazi itakupa mlio wa nyuki. Rekodi kwa betri ya laptopu, UMC202HD inakula umeme wa USB tu. Hii pia inakuokoa umeme ukikatika katikati ya verse.

Ukinunua intafesi iliyotumika, washa kitufe cha 48V na upime kwa mita: pini 1 na 2, kisha 1 na 3. Kila moja isome kati ya volti 44 na 52. Ikisoma 30, au pini mbili zikitofautiana sana, mrudishie mwenyewe.

Mchanaji_Sakina

Kwenye programu? Ninayo FL Studio ya majaribio. Nilijaribu maiki ya jamaa, sauti inanirudia masikioni kwa kuchelewa, siwezi kuchana.

Sauti_ya_Tatu

FL ya majaribio haitakufungulia tena mradi uliouhifadhi, kwa hiyo voko za leo kesho huzigusi. Na ukinunua, hakikisha kwanza toleo unalochukua linarekodi sauti. Kwa kazi yako jaribu Reaper: siku 60 bure, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na ni nyepesi kwa RAM 8. Programu zilizovunjwa zinakuja na wageni ndani yake, laptopu ya kazi usiitie huko.

Kuchelewa kunatokana na bafa, yaani kipande cha sauti ambacho laptopu inakikusanya kabla ya kukichakata. Weka draiva ya ASIO (programu ya kupitisha sauti haraka) ya kiwanda kilichotengeneza intafesi. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni milisekunde kama 3 kwa njia moja. 1,024 ni 23, na hapo hakuna anayechana kwa mdundo. Rekodi kwa 128, ukianza kumiksi panda 1,024 ili prosesa ipumue. Ukisikia "tk tk" kwenye 128, nenda 256. Njia rahisi zaidi: bonyeza kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kwenye intafesi, kisha nyamazisha kujisikia kwa ndani ya programu. Ukiacha zote mbili utajisikia mara mbili, na nadhani ndicho kilichokupata.

Rekodi kwa 24-bit, mono. Mwambie mwimbaji achane sehemu yake kali kuliko zote, kilele kiishie kati ya dezibeli −12 na −6. Kikigonga sifuri kimepasuka, hakuna plagini ya kukirudisha kama kilivyokuwa. Hedifoni zisiwe juu sana, biti inavuja na kuingia kwenye maiki, na utaisikia vizuri pale utakapotaka kubadilisha biti.

Dakika moja ya njia moja ya sauti (track) kwa sampuli 48,000 ni kama MB 8.6. Kwaya yenye njia 20 za dakika 4 inakula karibu MB 700, na hiyo SSD yako ina Windows ndani. Tafuta diski ya nje ya kuhamishia kazi zilizokwisha.

Mbao_na_Mitumba

La mwisho la chumba, nilisahau: kwa vipimo vyako besi itavimba karibu na Hz 48, 57 na 64, maana ndivyo urefu, upana na kimo vinavyoitika. Paneli za sentimita 10 hazifiki huko. Ukishanunua monita, zione hizo namba tatu kabla hujaanza kukata besi ya biti ya watu.