Mrejesho: Nimefika Chicago salama

Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu safari yangu ya kwanza ya ndege, kutoka Dar es Salaam kupitia Doha hadi Chicago, kumfuata mume wangu. Kipande cha kwanza, cha takriban saa 6, kilipita upesi. Cha pili, kilichokaribia saa 15, ndicho kilichonitesa, ingawa soksi za kubana mlizonishauri, pamoja na kunywa maji na kusimama mara kwa mara, vilisaidia miguu isivimbe kama nilivyohofia. Uhamiaji walikuwa na maswali machache. Dagaa niliowabeba niliwataja mwenyewe forodhani, nao wakaruhusiwa. Mume wangu, nasikitika kusema, aliwaulizia hao kabla ya kunipa pole ya safari.