Tupeane uzoefu: hili neno "bus" la Kiingereza limewasumbua wapi?

mwanzisha_uzi: Wakuu, kitabu cha umeme kina "bus", cha kompyuta kina "bus", stendi ndiyo usiseme. Ni neno moja au yamegongana tu? Mwageni maarifa.

Kilatini_Kigumu: Ni moja. Kilatini "omnibus", maana yake "kwa ajili ya wote". Shina ni omni-, hiyo -bus ni kiambishi tu. Waingereza wametupa shina wakabaki na mkia! Na anayesema "omnibi" kwa wingi anajiaibisha, neno lenyewe tayari liko kwenye wingi. Stanislas Baudry aliendesha magari ya farasi ya jina hilo Nantes, Ufaransa, miaka ya 1820. George Shillibeer akaleta London tarehe 4 Julai 1829: Paddington hadi eneo liitwalo Bank, farasi 3, abiria 22.

kofia_nyeusi: Mbona umeruka utamu? Wanasema pale kituoni Nantes palikuwa na duka la kofia la bwana Omnes, kibao kimeandikwa "Omnes Omnibus". Eti jina likatoka hapo!

Mjukuu_wa_Dereva: Duh, hii kali.

kona_ya_buza: Sasa uzi umekuwa wa kofia.

Kilatini_Kigumu: Tamu siyo ushahidi, hadithi ya duka haijathibitishwa. Tazama maana ya neno: Paris walikuwa na magari ya abiria tangu 1662, wazo la Blaise Pascal, nauli soli 5 (sarafu ya zamani ya Ufaransa). Wanajeshi na vibarua wakakatazwa kupanda. Yale yasingeweza kuitwa "ya wote".

binti_pwani: Na ile "basi, inatosha"?

Kilatini_Kigumu: Hiyo ni ya Kiajemi, haina undugu na gari.

Fundi_Waya: Basbaa (busbar) ni kipande cha shaba au alumini kinachogawa umeme kwa saketi zote za bodi, ndiyo hiyo "ya wote". Kinachoiua ni nati iliyolegea: ukinzani unapanda, joto linapanda, kutu inaongezeka, joto tena. Usibane shaba na alumini moja kwa moja, weka katikati washa (kile kipete bapa cha boliti) ya metali mbili.

Spana_17: Kwenye gari kuna CAN bus, njia ya mawasiliano ya kampuni ya Bosch, ya 1986. Nyaya mbili zilizosokotwa, kompyuta zote za gari zinaongea humo. Pima pini 6 na 14 za soketi ya chini ya usukani: ukinzani wa omu 60 ni nzima. Ukipata 120, rezista (kipande cha ukinzani) moja ya mwisho wa nyaya haionekani au waya umekatika. Karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

gereji_bubu: Zima swichi tu, upime.

Spana_17: Chomoa betri, subiri dakika kadhaa. Kuna kompyuta hazilali haraka, mita itakudanganya.

gereji_bubu: Ukichomoa, redio inadai namba ya siri. Mteja utamwambia nini?

Spana_17: Mwombe namba hiyo kabla.

mhudumu_wa_zamu: Hotelini Marekani "busboy" ni kijana wa kuondoa vyombo mezani. Habebi abiria, ila asili ni hiyohiyo omnibus: wa kazi zote.

kona_ya_buza: Malipo je, nayo ya wote?